Bei ya Huku na Bei ya Kule: Elite, Mchezo wa Biashara Angani

Elite ni mchezo wa kompyuta uliotoka Uingereza Septemba 1984, na jambo la kwanza linalomshangaza anayeucheza leo ni kwamba haumwambii afanye nini. Ndugu msikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, popote ulipo, iwe Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo, karibu. Mazungumzo ya leo yanahusu mchezo huo: ulivyo, unavyompokea mgeni, na kwa nini mtu aliyekulia kwenye nchi ya kahawa na mipaka anaweza kuuelewa upesi kuliko wengi.

Basi tuanze na mchezo wenyewe. Mchezaji anapewa chombo cha angani kiitwacho Cobra Mk III. Mfukoni ana krediti 100, ndiyo fedha ya huko. Ana makombora matatu, leza moja hafifu mbele ya chombo, tangi lililojaa mafuta, na nafasi ya kubeba tani 20 za mzigo. Yuko ndani ya kituo kinachoelea karibu na sayari iitwayo Lave. Basi, hayo ndiyo yote. Hakuna mkubwa wa kumtuma. Hakuna adui mkuu wa kumshinda. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba akifika hapo amemaliza. Anaweza kununua na kuuza, anaweza kuwinda maharamia, anaweza kuwa haramia mwenyewe, au anaweza kutembea tu aone dunia nyingine zikoje.

Kwa mwaka 1984 hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Michezo iliyozoeleka wakati ule ilimpa mchezaji maisha matatu, ikamhesabia pointi, na baada ya dakika chache ikamtoa. Waliotunga Elite, David Braben na Ian Bell, walikuwa bado wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Walipoupeleka kwenye kampuni ya kwanza wakakataliwa, kwa sababu haukufanana na michezo iliyokuwa ikiuzika. Kampuni ya Acornsoft ndiyo iliyoupokea na kuutoa kwa kompyuta ya BBC Micro, iliyokuwa ikitumika sana mashuleni Uingereza.

Kompyuta hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Picha moja inayopigwa na simu ya leo ingekosa pa kukaa humo. Na bado ndani ya kumbukumbu hiyo zimo galaksi nane, kila galaksi ina sayari 256, na kila sayari ina jina lake, serikali yake na uchumi wake. Zimeingiaje? Hazikuandikwa moja moja. Watunzi waliweka namba chache za kuanzia na kanuni ya kuzibadili, na kompyuta inazaa sayari kutokana na namba hizo kila zinapohitajika. Kwa kuwa namba za kuanzia ni zile zile na kanuni ni ile ile, Lave ya mchezaji wa Cambridge ndiyo Lave ya mchezaji wa Kayanga, ikiwa mahali pale pale na serikali ile ile. Hata majina yanatengenezwa hivyo, kwa kuunganisha herufi mbili mbili: La-ve, Di-so, Le-es-ti, Za-on-ce. Watunzi walikusudia idadi kubwa mno ya galaksi, maana kanuni yao iliweza, lakini Acornsoft wakawashauri wapunguze. Ushauri huo ulikuwa wa busara. Sayari elfu mbili na ushee zinamtosha mtu kwa miaka, na bado anaweza kuzijua zile za jirani kama anavyojua vijiji vya kata yake.

Sasa twende sokoni, maana huko ndiko mgeni anakoanzia.

Ndani ya kituo kuna ukurasa wa bei. Bidhaa ni 17: chakula, nguo, vinywaji vikali, kompyuta, mashine, madini, dhahabu, platinamu, vito, ngozi za manyoya na nyinginezo. Kila moja ina bei ya pale na kiasi kilichopo pale. Mgeni anauangalia ukurasa huo na swali la kwanza linamjia: je, hii ni rahisi au ni ghali? Ukurasa haumjibu. Unaonyesha bei ya hapo alipo tu. Bei ya sayari ya pili haionekani mpaka afike. Anachoweza kukisoma akiwa mbali ni aina ya uchumi wa sayari hiyo, kama ni ya kilimo au ya viwanda, tajiri au maskini, na aina ya serikali yake. Kutokana na hayo lazima akisie mwenyewe.

Lave ni sayari tajiri ya kilimo. Leesti, isiyo mbali sana nayo, ni ya viwanda. Basi chakula kinakuwa rahisi Lave, na kompyuta zinakuwa rahisi Leesti. Kwa krediti 100 mgeni anaweza kununua tani nyingi za chakula na bado akabakiwa na chenji. Anakipeleka Leesti, anapata faida kidogo kwa kila tani, ananunua tani moja ya kompyuta, anarudi nayo Lave, na hapo ndipo anapoona tani moja ikilipa kweli kweli. Kila tani ya chakula ilimpa senti, na tani moja ya kompyuta ikampa maana ya safari. Somo hilo mchezo hauliandiki popote. Mtu anajifunza kwa kuangalia mfuko wake.

Msikilizaji, turudie hapo, maana ndiyo roho ya mchezo: bei ni mali ya mahali. Kitu hakina bei yake chenyewe kikiwa kimekaa. Kina bei ya huku na bei ya kule, na katikati kuna njia. Anayeijua njia ndiye anayekula.

Na Karagwe inaijua hesabu hiyo tangu kale. Katikati ya karne ya 19, enzi za Mukama Rumanika, ufalme wa Karagwe ulikaa kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani, ikapita Kazeh, yaani Tabora ya leo, ikapanda kupitia Usui, na kuendelea hadi Buganda. Karibu na ikulu ya Bweranyange palikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, Kafuro. Nguo, shanga na waya za shaba zilikuja kutoka kusini, na pembe za ndovu zikateremka kwenda pwani. Mwingereza John Hanning Speke aliyepita hapo mwishoni mwa mwaka 1861, na Henry Morton Stanley aliyefika mwaka 1876, wote walikuta biashara hiyo imeshika mizizi.

Misafara hiyo ilikuwa na tatizo lile lile la ukurasa wa bei. Shanga za rangi fulani zilizotakiwa sana nchi moja zilikataliwa nchi ya pili, wala hakuna aliyezitazama. Mwenye msafara aliyefunga mizigo yake Bagamoyo alikuwa akikisia watu wa mbali miezi mingi mbele watapenda nini. Akikosea, hakuna duka la kurudisha. Ni shida hiyo hasa anayokutana nayo mchezaji wa Elite anapojaza tani 20 za kitu asichojua kama kitanunuliwa.

Sasa njia. Hapa mchezo unabadilika sura, na wengi wanaoanza wanakufa hapa.

Chombo kikiruka kutoka nyota moja hadi nyingine, hakifikii mlangoni pa kituo. Kinatokea mbali, sayari ikiwa duara dogo kwenye giza, na mwendo uliobaki ni wa kusafiri. Chini ya skrini kuna rada ya umbo la yai. Kila chombo kinachokaribia kinaonekana humo kama alama yenye kijiti, na urefu wa kijiti unaonyesha kama chombo hicho kiko juu yako au chini yako. Kwa dakika za kwanza mgeni haelewi vijiti hivyo. Akishavielewa, macho yake hayatoki hapo. Ukiona alama tatu zinakuja kwa pamoja, hao si wafanyabiashara. Na kuna mwendo wa kasi unaofupisha safari, lakini haufanyi kazi kukiwa na chombo kingine karibu. Kwa hiyo hakuna kuwapita maharamia kwa mbio. Ama unapigana, ama unajaribu kuwatoroka taratibu ukipigwa mgongoni.

Je, hatari iko sawa kila mahali? La. Inategemea serikali. Kuna aina nane, kuanzia nchi isiyo na serikali kabisa, kupita utawala wa kimwinyi na udikteta, hadi demokrasia na dola inayoendeshwa kama kampuni. Kadiri utawala unavyolegea ndivyo maharamia wanavyoongezeka. Riedquat, jirani wa Lave, haina serikali, na mgeni anayekwenda huko na leza yake ya kuanzia kwa kawaida hafiki. Kwa hiyo mchezaji anaanza kusoma ramani kwa macho mawili: jicho la bei na jicho la usalama. Faida kubwa kwenye nchi mbovu inaweza kuwa hasara, na faida ndogo kwenye njia tulivu inaweza kujenga mtaji.

Misafara ya kwenda Karagwe ilikuwa na hesabu hii pia, kwa jina la hongo. Speke alipopita Usui, kusini mwa Karagwe, alizuiliwa kwa muda na mtemi Suwarora, akidaiwa nguo na waya kabla ya kuruhusiwa kupita. Alipoingia Karagwe mambo yakageuka. Rumanika alikuwa ameagiza wageni wapewe chakula njiani bila malipo. Mzigo ni ule ule na msafara ni ule ule, ila thamani ya kinachobaki mwisho wa safari inategemea nani anatawala kipande kipi cha njia. Kwamba vijana wawili wa Cambridge waliliweka jambo hilo kwenye kilobaiti chache, likawa sheria ya ulimwengu wao, ni kazi ya kusifiwa.

Baada ya njia kuna kutia nanga, na hili linastahili maelezo yake peke yake, kwa sababu ndilo linalowakatisha tamaa watu wengi zaidi.

Kituo cha angani kina umbo lenye nyuso nyingi, na kinajizungusha bila kusimama. Kwenye uso mmoja kuna mlango mwembamba wa mstatili, unaotazama sayari. Mchezaji anatakiwa kwanza akae katikati ya sayari na kituo, ageuke, aulenge mlango kwa unyoofu. Kisha asogee polepole huku akikizungusha chombo chake kwa kasi ile ile ya kituo, ili ule mstatili ulale sawa machoni pake. Akikaribia, mlango unajaa skrini. Akiwa ameinama kidogo tu upande mmoja, kingo zinamgusa na chombo kinapasuka, na mzigo wote wa safari unapotea naye mlangoni. Hakuna haramia aliyemuua. Amejiua mwenyewe akiwa amefika. Kuna kifaa kinachofanya kazi hiyo badala ya mchezaji, lakini bei yake ni krediti 1,500, na anayeanza hana.

Wapo wanaosema kutia nanga ni ugumu usio na maana. Hoja yao haina nguvu. Kwa kuwa kufika ni kugumu, kufika kunakuwa na uzito. Mchezaji aliyeingia mlangoni salama akiwa na tani moja ya kompyuta anafurahi kuliko yule aliyeua adui kumi kwenye mchezo mwingine.

Liko jambo zito zaidi ndani ya Elite, na haifai kulipita. Kati ya zile bidhaa 17, tatu ni haramu: silaha, dawa za kulevya, na watumwa. Ndiyo, watumwa wamo kwenye orodha, kati ya chakula na nguo na vinywaji, na wana bei kwa tani. Mchezo hauzuii mtu kuwanunua. Unachofanya ni kumwandika: akitoka kituoni na mzigo wa haramu, jina lake linachafuka, kutoka msafi hadi mkosaji, na akizidi anakuwa mtoro anayesakwa. Polisi wakimwona wanampiga.

Kwa msikilizaji wa Ulaya orodha hiyo inaweza kupita kama hadithi. Kwa msikilizaji wa hapa haipiti. Njia iliyopita Kafuro ilibeba watu pia. Stanley alimkuta hapo mfanyabiashara Hamed bin Ibrahim, tajiri wa ng'ombe, pembe za ndovu na watumwa, na utajiri huo wote ulitajwa kwa pumzi moja, kama ukurasa wa bei unavyofanya. Tofauti ni kwamba kwenye mchezo biashara hiyo ni kosa, na Kafuro wakati ule ilifanyika waziwazi. Mzazi anayemruhusu kijana wake kucheza Elite afanye jambo moja jepesi: akae naye mbele ya orodha hiyo na amweleze kilichotokea kwenye nchi aliyozaliwa. Historia ya darasani mara nyingi inaanzia pwani na kuishia Tabora. Biashara hiyo ilifika mpaka nyumbani.

Sasa, mchezo huu umekosa nini? Umekosa watu. Soko la Lave halina muuzaji. Hakuna anayekopesha, hakuna anayemjua mchezaji kwa sura, hakuna anayemwambia mwenzake kwamba huyu ni mwaminifu au si mwaminifu. Mtu anauza, anaondoka, na hata akirudi mara mia anakuwa mgeni. Biashara ya misafara haikuwa hivyo. Wenye misafara walitegemea wenyeji: mtu wa Kazeh wa kuwahifadhi na kuwatafutia wapagazi, mkopo wa kutoka pwani, na urafiki wa mtawala kama Rumanika. Speke alikaa Bweranyange kwa wiki nyingi kabla ya kuendelea, na mwenzake James Grant, aliyekuwa na mguu mgonjwa, alibaki hapo miezi akiuguzwa. Ukarimu huo hauna safu kwenye ukurasa wa bei.

Wala kahawa ya leo haiendi bila watu. Mkulima wa Karagwe au Kyerwa anapeleka kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi, inakusanywa, inakwenda mnadani, na anasubiri malipo. Akibanwa na ada ya shule au ugonjwa kabla ya msimu, yupo anayemjia na fedha mkononi kununua kahawa ikingali mtini. Hiyo ndiyo butura, na kila msikilizaji anaijua inavyoumiza. Elite haina butura, kwa sababu haina mtoto wa kusomeshwa wala mgonjwa wa kutibiwa. Mchezaji anaweza kungoja bei kadiri atakavyo. Mkulima hawezi kungoja. Hapo mchezo unaidanganya biashara, na kijana anayeucheza alijue hilo asije akadhani umaskini ni matokeo ya kukisia vibaya tu.

Upande mmoja, hata hivyo, unakaribia sana maisha ya Murongo. Mto Kagera unapita, ng'ambo ni Kikagati, Uganda, na bei ya kahawa ya ng'ambo si lazima ilingane na ya huku. Tofauti hiyo ikiwa kubwa, magendo yanaamka na vyombo vya dola vinaamka nayo. Mchezo unamweka mtu kwenye uamuzi wa namna hiyo kila safari, na unamwonyesha gharama yake: faida ya leo, jina chafu la kesho. Tofauti ya zama ni simu. Mfanyabiashara wa Murongo anajua bei ya ng'ambo kabla hajafunga gunia. Mchezaji wa Elite, kama mwenye msafara wa 1861, anaijua akishafika.

Je, mtu wa leo anaweza kuupata mchezo huu? Anaweza. Braben aliendelea kutoa matoleo mapya, Frontier mwaka 1993 na Elite Dangerous mwaka 2014, lakini hilo la mwisho linadai kompyuta yenye nguvu na intaneti ya kudumu. Kwa Karagwe na Kyerwa linalofaa zaidi ni Oolite, mchezo wa bure uliotengenezwa na wapenzi wa Elite. Unaanza Lave vile vile, kwa Cobra ile ile na krediti 100 zile zile. Unaendeshwa na kompyuta ya kawaida iliyotumika, na ukishapakuliwa mara moja hauhitaji intaneti tena, kwa hiyo unaweza kuhamishwa kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Maandishi yake ni ya Kiingereza, ila ni machache.

Anayeanza afanye hivi. Kwanza atoke kituoni na arudi pale pale, bila mzigo, mpaka mkono uzoee kuingia mlangoni. Kisha abebe chakula kwenda sayari ya viwanda iliyo karibu yenye serikali imara, na arudi na bidhaa za viwandani. Kila akifika salama ahifadhi mchezo, maana akifa anarudishwa alipohifadhi mara ya mwisho. Fedha ya kwanza ya maana aitumie kununua leza iliyo bora na kupanua nafasi ya mzigo kutoka tani 20 hadi 35. Riedquat isubiri mpaka hapo.